Mwaka wa Chekeche

Nilipopigiwa simu kwamba Mzee Msengi wa Kinampanda amefariki, sikuuliza aliugua nini wala atazikwa lini. Niliuliza kama Gaspari atakuja. Aliyenipigia akasema hajui, labda. Nikafungua kabati, nikachagua gauni la kitenge linalonikaa vizuri kuliko yote, nikalipiga pasi mara mbili, na haikuwa kwa ajili ya marehemu. Nina umri wa kutosha sasa kuona aibu, na aibu ninayo, lakini nimejiahidi kuiandika sura hii jinsi mambo yalivyokuwa. Yalivyokuwa ni kwamba kwa miaka kumi na minne nilimchukia mtu mmoja kwa bidii ambayo wenzangu waliitumia kujenga nyumba. Nilitaka anione nimependeza. Nilitaka anione nashuka kwenye gari langu mwenyewe, avimbe. Mzee Msengi, ambaye hakunitendea baya hata moja, alikuwa ndani ya jeneza, na mimi nilikuwa mbele ya kioo nafunga kilemba.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuo na cheti cha kompyuta ambacho hakuna mtu Singida aliyejua akipeleke wapi. Ofisi yetu ilikuwa chumba cha nyuma cha jengo la mashine ya kukamua alizeti, kule Mandewa. Mashine ikiwashwa ukuta ulitetemeka, umeme ulipungua, na kompyuta ya mezani iliyozeeka ilijizima yenyewe. Tulijifunza kuhifadhi kazi kila tuliposikia fundi anaita wenzake walete gunia. Mashudu, makapi ya alizeti iliyokamuliwa, yalipangwa upande wangu wa chumba mpaka karibu na dari, na mpaka leo harufu ya mafuta ya alizeti yakichemka hunirudisha kwenye kile kiti cha plastiki kilichopasuka mguu. Upande wa pili wa ubao mwembamba, penye dirisha na feni, alikaa Gaspari. Alinizidi miaka sita. Alikuwa na sauti nzuri, viatu vilivyochongoka, na tabia ya kuingia mahali penye wazee akasema “mambo vipi” kwa wote kwa pamoja, kisha akakaa. Wazee walimtazama tu. Yeye alidhani wanamwogopa.

Kazi yenyewe nitaieleza taratibu, kwa sababu kila kitu kilichotokea kilitoka humo. Kulikuwa na mradi wa kuwasaidia mabwana mifugo wa vijijini, wale maofisa wanaozunguka kutibu ng’ombe. Ukitaka kumpa ng’ombe dawa ya minyoo lazima ujue uzito wake, na kijijini hakuna mzani wa ng’ombe. Bwana mifugo huchukua futi kamba, anapima mzunguko wa kifua na urefu wa mgongo, kisha anakokotoa. Tatizo ni kwamba kila mmoja ana hesabu yake, maana ng’ombe wa Iramba siyo wa Manyoni, na wa kiangazi siyo wa masika. Kwa hiyo programu yetu ilikuwa na kisanduku: bwana mifugo anaandika kanuni yake mwenyewe humo, na kompyuta inaikokotoa. Gaspari ndiye aliyetengeneza kisanduku cha kwanza. Alichofanya ni kuchukua chochote kilichoandikwa na kuikabidhi kompyuta ikitekeleze. Nikamwambia hiyo ni hatari, kwa sababu mtu anaweza kuandika amri badala ya hesabu, na kompyuta itatii. Akacheka. “Yuni, hawa ni mabwana mifugo. Nani kati yao anajua amri?” Sikubishana. Nilizinakili picha za harusi ya dada yake kwenye flashi yangu, nikaenda kwenye kisanduku chake nikaandika mstari mmoja, na picha zote zikatoweka kwenye kompyuta yake. Nilimwacha ahangaike mpaka chai ya saa nne ndipo nikamrudishia. Nadhani siku ile ndiyo aliyoanza kunichukia, na ninakiri kwamba nilifurahi.

Miezi mitatu iliyofuata niliandika Chekeche. Nililiita hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa ile ile ya chekeche la jikoni: unamwaga kila kitu juu, kinachopita ni unga tu. Ilisoma kanuni neno kwa neno. Namba ipite. Kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya vipite. Majina tuliyoyaruhusu, mzunguko, urefu, umri, yapite. Kingine chochote kikataliwe kwa heshima na kisiguse mashine. Niliifikiria ninapokula, ninapofua, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya maji. Mama Asha, mama lishe aliyekuwa na banda ukutani kwetu, aliniwekea ugali wa uwele na mlenda nikausahau ukapoa, akawa ananiambia, “Wewe binti, hicho unachokipika humo ndani kina chumvi kweli?” Kilikuwa na chumvi. Nimefanya kazi nyingi tangu hapo na kubwa zaidi, lakini hakuna iliyowahi kuwa yangu kama ile.

Mzee Msengi alikuja kujifunza akiwa wa kwanza. Alikuwa bwana mifugo aliyebakiza miaka michache astaafu, mrefu, mkali, kola imefungwa mpaka juu, na futi kamba imekunjwa mfukoni mwa shati mahali ambapo wengine huweka kalamu. Nikamwamkia, nikamvutia kiti, nikamfungulia programu. Alikikodolea macho kile kisanduku.

“Inataka nini?”

“Inasubiri kanuni yako, baba.”

“Inasubiri bila kusalimia?”

Nikacheka, na kwa kuwa nilimpenda tangu dakika ile ya kwanza, nikamtania. “Imekuamkia, baba. Ni vile haina sauti.”

Hakucheka. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa jambo la maana, akasogeza kidole kimoja, akaandika herufi moja moja: Marahaba. Kisha ndipo akaandika kanuni yake, mzunguko kwa mzunguko kwa urefu, gawanya kwa elfu kumi na mia nane, toa kidogo kwa ajili ya tumbo la masika. Chekeche ikamkatalia, bila shaka. Ikamwambia neno Marahaba halijulikani. Ningeweza kumwambia baba, futa hilo neno, nilikuwa natania. Sikumwambia. Aliporudi mara ya pili akaandika Marahaba tena, na wenzake wawili aliowafundisha kule Kinampanda nao wakaja na Marahaba yao, maana mzee alikuwa amewaeleza kuwa kile chombo ni kijana mwenye adabu na akikuamkia umwitikie. Basi nikaona badala ya kuwabadilisha wazee nibadilishe Chekeche. Niliandika faili dogo la maneno matupu, nikaliita adabu: marahaba, habari za kazi, poleni, asante. Chekeche ikikutana na neno isilolijua, inafungua adabu kwanza. Neno likiwamo humo, inaliruka na kuendelea na hesabu. Siku Mzee Msengi alipoandika Marahaba na hesabu ikatoka, alinigeukia akasema, “Umeona? Kamesikia.” Alileta kuku wa kienyeji mzima siku ya pili, amefungwa miguu, akampa Mama Asha anichemshie.

Ilibaki kufungasha. Programu kama Chekeche haitumiki peke yake. Ni kipande ambacho programu nyingine hukiazima, kwa hiyo unakifungasha pamoja na lebo: jina lake, toleo, kinahitaji nini, kimebeba mafaili gani, na kimetungwa na nani. Ukishakifungasha vizuri, mtu yeyote kwenye kompyuta yoyote anaweza kukisimika kwa mstari mmoja wa amri. Niliandika lebo asubuhi moja ya Jumamosi, ofisi iko kimya kwa sababu fundi wa alizeti alikuwa msibani. Nilipofika kwenye mtunzi niliandika jina langu, nikalifuta, nikaliandika tena na la ukoo, nikakaa nikilitazama. Nilikuwa sijawahi kuliona jina langu mahali popote isipokuwa kwenye vyeti na kwenye daftari la zahanati. Nikampa Gaspari kazi yote kwenye flashi aipitie kabla hatujaipandisha mtandaoni, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa ofisi, na kwa sababu nilikuwa mjinga.

Wiki ile ile nilikuwa nimekaa upande wangu wa ubao nakula makande kwenye bakuli, mashine imezimwa, na Gaspari anaongea na simu upande wa pili. Alikuwa anazungumza na wakubwa wa mradi. “Ndiyo, nimeiandika yote mwenyewe. Miezi mitatu, nalala masaa manne tu kwa usiku.” Akacheka kile kicheko chake kizuri. Kisha wakamuuliza kitu, na nikajua wamemuuliza nini kwa jinsi alivyojibu. “Nani, kale kabinti? Hapana, kanasaidia kuchapa tu.”

Kijiko kilikuwa kinywani. Nakumbuka punje ya hindi ambayo haikuiva vizuri, nikaitafuna na kuitafuna. Sikulia, na sikuinuka. Kama ningeinuka muda ule, nikazunguka ubao nikamwambia mbele ya simu yake, labda mambo yote yangeishia pale. Lakini nilikaa nikamaliza makande, nikaosha bakuli, nikalirudisha kwa Mama Asha. Huo ndio wakati kitu fulani ndani yangu kilikaa chini kikatulia na kuanza kungoja. Watu husema hasira ni moto. Yangu ilikuwa baridi, ilinisaidia kulala vizuri, na iliniamsha mapema.

Siku tatu baadaye kifurushi chake kikapanda mtandaoni. Nilikisimika kwenye ile kompyuta kuukuu ya mezani, ambayo haikuwa na kazi yangu hata chembe, ili nijionee lebo kwa macho yangu. Mtunzi: Gaspari, na jina la baba yake. Jina langu halikuwepo hata kwa wanaoshukuriwa. Hakutaka kubakiza alama yangu yoyote, kwa hiyo lebo nzima alikuwa ameiandika upya kutoka mwanzo. Na ndipo nikaona. Mafaili ya msimbo, yale yenye amri za programu, hubebwa yenyewe unapofungasha, lakini faili la maneno matupu halibebwi mpaka uliandike kwenye orodha ya vinavyobebwa. Mimi nilikuwa nimeandika adabu kwenye orodha yangu. Yeye hakuiandika. Kwenye kompyuta yake isingeonekana, maana faili lilikuwa limekaa pale pale folda moja na mengine. Kwenye kompyuta nyingine yoyote duniani Chekeche ingekokotoa bila tatizo, mpaka itakapokutana na neno isilolijua, inyooshe mkono kuchukua adabu, na isiikute. Nikaandika Marahaba. Programu ikafa, ikaacha mistari myekundu ya Kiingereza skrini nzima. Nikazima kompyuta kwa kuchomoa waya.

Hakuwahi kujaribu Marahaba kwa sababu kwake lile neno lilikuwa kichekesho cha washamba. Kasoro ya kifurushi chake ilikuwa na umbo la tabia yake kabisa, na nilipoliona hilo nilicheka peke yangu mpaka fundi wa alizeti akachungulia.

Zilibaki wiki tatu kufika maonyesho. Wageni wa mradi walikuwa wanakuja Singida mjini kuona programu ikifanya kazi. Wakiridhika, ingekwenda wilaya zote, na Gaspari angekuwa mkuu wake. Alinunua koti. Alitaka mabwana mifugo wawili vijana wa Ikungi wenye vidole vyepesi ndio waandike mbele ya wageni. Nikabisha hodi kwenye ubao wake, nikasimama mlangoni mikono nimeifunga nyuma.

“Kaka, mimi naona aanze mzee. Wageni wanapenda kuona wazee wanatumia.”

Akafikiri. “Mzee gani?”

“Mzee Msengi. Ndiye mwenyeji wa programu hii kuliko wote.”

“Umewaza vizuri, Yuni,” akasema, na akanipa tabasamu, la kwanza tangu picha za harusi. “Ukiendelea hivi nitakutafutia nafasi.”

Asubuhi ya maonyesho Mzee Msengi alifika ukumbini kabla ya viti kupangwa. Shati limepigwa pasi, futi kamba mahali pake. Alinikuta nafungua chupa za maji nikizipanga mezani, nikamwamkia, akaitikia, akanivuta pembeni. “Mwanangu, leo ni siku kubwa. Kuna kitu nibadilishe? Niandike vipi?” Nilikuwa na flashi mfukoni, yenye kifurushi changu, kizima, chenye adabu yake na jina langu. Nilikuwa nimeyapanga yote kichwani: programu itakufa, maana kompyuta ya maonyesho ni ya wageni, siyo yake, Gaspari atahangaika, atanitazama, ataniomba, na mimi nitamwambia aseme kwanza mbele ya wageni ni nani aliyeitunga. Mzee hakuwa kwenye mpango ule isipokuwa kama kidole cha kuandikia. Nikamwambia, “Andika kama unavyoandika siku zote, baba.”

Ukutani, kwa projekta, herufi zake zilikuwa kubwa kama milango. M. A. R. Wageni wawili walianza kutabasamu. Alipomaliza neno akaendelea na kanuni yake bila haraka, akabonyeza, na ukuta ukawa mwekundu. Gaspari akaruka, akaiwasha upya, akasema ni umeme. Mzee akaandika tena, vile vile, Marahaba kwanza. Nyekundu. Gaspari akawageukia wageni na ile sauti yake nzuri. “Samahanini sana. Mzee wetu anaamkiana na mashine.” Wakacheka. “Ndiyo changamoto tuliyonayo na hawa wazee.” Wakacheka zaidi, hata wale vijana wa Ikungi, hata mgeni rasmi ambaye chai ilimpalia. Mzee Msengi alibaki amekaa, mkono bado uko kwenye vitufe. Akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. “Yunisi,” akaniita, siyo kwa sauti ya juu. “Nimekosea wapi?”

Ningeweza kumjibu. Ilikuwa hatua sita kutoka nilipokuwa mpaka kwenye ile kompyuta, nimezihesabu mara nyingi tangu hapo. Lakini Gaspari alikuwa ameshanifikia, jasho linamtiririka kwenye kola ya koti jipya, na mimi nilikuwa nimemngoja yeye siku nyingi mno.

“Rekebisha,” akanong’ona. “Haraka.”

“Mtunzi ni nani?”

“Yuni, tafadhali, siyo sasa.”

“Mtunzi ni nani, kaka?”

Alijua. Niliona anajua, uso ulimshuka wote. Mgeni rasmi akauliza kama kuna mtaalamu mwingine anayeweza kusaidia, na akanitazama mimi moja kwa moja. Gaspari akaanza kuzikagua waya. Hata pale, hata anazama, hakuweza kulitaja jina langu. Basi nikasema kwa sauti ukumbi mzima usikie, “Mimi nasaidia kuchapa tu.” Nikarudi kwenye chupa zangu za maji.

Sitadanganya kwamba haikuwa tamu. Wageni waliondoka kabla ya chakula. Mradi ukaenda mkoa mwingine, na Gaspari akapewa barua ya kuachishwa kazi. Siku ile nilikwenda kwa Mama Asha, nikaagiza kuku, nikakaa peke yangu kwenye benchi nikamla mpaka mifupa. “Leo umekula kama mtu aliyetoka kwenye mfungo,” akaniambia. Nikamwambia ndiyo, nilikuwa nimefunga. Mchana wote nilikuwa naurudia ule uso wa Gaspari unavyoshuka, na kila nilipourudia nilikuta ladha bado ipo.

Wiki moja baadaye Gaspari alikuwa upande wake anapanga vitu kwenye boksi nilipomsikia Mzee Msengi akipiga hodi. Alikuwa ametoka Kinampanda na basi la alfajiri. Alikuwa amebeba simu aliyopewa na mradi ili baada ya maonyesho aitumie programu kijijini, ameifunga kwenye kitambaa safi, akaiweka mezani kwangu kwa mikono miwili. “Nimewaharibia, mwanangu,” akasema. “Mmefanya kazi mwaka mzima, mimi nimekuja kuwaangusha mbele ya wakubwa. Naomba uniwie radhi.” Feni ya Gaspari ilikuwa inalia upande wa pili, na nilijua amesimama kusikiliza. Kama ningesema kweli, angesikia. Angejua kwamba nilijua wiki tatu kabla, na angekuwa na kitu cha kunishikia. Kwa hiyo nikamwambia mzee, “Hakuna neno, baba. Yamepita.” Niliipokea radhi yake. Nilimpa na soda. Alikunywa nusu, akaaga.

Nilikipandisha kifurushi changu mwezi ule ule, kwa jina langu, na kimenilisha vizuri. Chekeche imetumika mahali ambapo sijawahi kufika. Mtu wa mbali aliwahi kuniandikia akiuliza hilo faili la adabu ni la nini, mbona halihusiani na hesabu. Nilimjibu kwamba lina kazi yake, asilifute.

Msibani Kinampanda niliegesha gari pale ambapo lingeonekana. Gaspari alikuja. Kipara, tumbo, shati la kawaida, ameinamisha kichwa. Na kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuwazungukia wazee wote waliokaa kwenye mabenchi, mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, shikamoo. Kisha akaja kwangu. “Yunisi. Za miaka?” Nikamjibu nzuri. Akasema, “Ulijua siku ile.” Nikasema nilijua. Akatazama chini. “Nilistahili. Ile ilikuwa kazi yako, na nimewaambia watu wengi tangu hapo kwamba ilikuwa kazi yako.” Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka kumi na minne kumjibu, nina maneno ya kujaza debe, na yeye anasimama pale kwa unyenyekevu akiniachia mikono mitupu. Hata hilo aliniibia. Simsamehe mpaka leo, na kama ingekuwa yeye peke yake ukumbini siku ile, ningemnyamazia tena kesho asubuhi.

Tulikuwa bado tumesimama pale alipokuja Naomi, binti ya marehemu, kanga kiunoni, macho yamevimba. “Shikamoo dada. Wewe ndiye Yunisi wa kompyuta?” Nikamwambia ndiye mimi. Akafurahi, akaingia ndani, akarudi na daftari la jalada gumu, kona zimelika. “Hili nilikuwa nimekuwekea. Baba alikusema sana.” Nikafungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa kanuni ile ile, mzunguko kwa mzunguko kwa urefu, kwa mwandiko wake wa kusimama, na mbele yake Marahaba, imekatwa kwa mstari. Chini yake tena, imekatwa. Ukurasa uliofuata haukuwa na Marahaba. Kila mstari, kila ng’ombe, ukurasa baada ya ukurasa, miaka yote mpaka wino unabadilika rangi, ulianza na Shikamoo.

“Tulikuwa tunamcheka,” Naomi akasema. “Mzee mzima anaiamkia mashine ambayo hata haipo. Alisema siku ile mjini alijikweza. Labda ile mashine ndiyo mkubwa, na yeye ndiye alipaswa kuamkia. Akawa anafanya mazoezi, mkimwita tena asiwaharibie.” Akafuta pua kwa kona ya kanga. “Sikuwahi kuelewa. Alikosea nini hasa?”

Gaspari alinitazama. Angeweza kusema yeye. Hakusema, na kwa mara ya kwanza nilitamani aseme.

“Hakukosea kitu,” nikasema. “Programu ilikuwa na kasoro.”

“Mkaja kujua baadaye?”

“Nilijua kabla. Wiki tatu kabla.”

Naomi alikuwa anahesabu kitu kichwani, niliona midomo inacheza. “Miaka kumi na minne, na kutoka Singida mpaka hapa ni asubuhi moja,” akasema. Hakupandisha sauti. Akanyoosha mkono, akalichukua daftari kutoka mikononi mwangu, akalipangusa kwa kanga pale nilipolishika. “Basi hili nitakaa nalo mimi.”

Akaenda jikoni walikokuwa wanapakua chakula cha wageni. Bado hakuwa amewaambia wenzake, kwa sababu sahani yangu ilipokuja ilikuwa na finyango ya nyama kubwa kuliko za watu wote, kama anavyopakuliwa mgeni wa heshima, na msichana aliyeileta alipiga goti. Nikamwambia asante. Wazee walikuwa wananitazama, kwa hiyo nikala yote.